Staa Kachoma Atari Yake Mwenyewe, Lawama Kabebeshwa Fundi

Kama uliingia mitandaoni wikiendi iliyopita, klipu umeiona. Prodyuza mmoja mkubwa wa Bongo, jamaa ambaye midundo yake inapigwa kila harusi na kila daladala, kasimama mbele ya kompyuta ya kizamani ya rangi ya kijivu. Taa za studio zinawaka, muziki unapiga kwa chini. Anawakaribisha mashabiki kwenye historia, anainama, anachomeka plagi ukutani. Paa! Moshi mweupe, studio nzima giza, mtu nyuma ya kamera anapiga ukelele, klipu inakata.

Ingeishia hapo kingekuwa kichekesho cha wiki na maisha yangeendelea. Tatizo ni kilichofuata. Haikupita hata saa moja likashuka andiko refu lenye picha ya banda la fundi wa Kariakoo aliyeitengeneza mashine ile. Kibao chake kinaonekana, na namba ya simu inasomeka vizuri kabisa. Staa akalalamika kwamba kampa mtu mashine adimu aitengeneze, kalipa hela yake, na alichorudishiwa ni bomu. Mashabiki nao wakafanya ile kazi wanayoijua. Fundi kaitwa kanjanja, mwizi, mchawi wa vifaa. Wengine wakampigia simu usiku kumtukana.

Sasa ngoja jambo hili lisemwe bila kuzunguka: fundi hakuichoma mashine ile. Kaichoma mwenyewe mwenye mashine, na ushahidi umo kwenye klipu aliyoirusha kwa mkono wake.

ITAZAME TENA, TARATIBU

Irudishe klipu mpaka pale anapoinama. Kwenye soketi ya ukutani kuna kile kiadapta cheupe cha bei ya soda, kile kinachopokea plagi ya Kimarekani yenye vibati viwili bapa na kuitolea pini tatu nene za hapa kwetu. Baada ya kiadapta ni waya, na waya unaingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Hakuna kitu kingine kati yake. Wadau wenye macho waliliona hilo mapema na kulisema kwenye komenti, wakazamishwa na matusi.

Kile kiadapta kinabadilisha umbo la pini tu. Umeme haukigusi. Ni sawa na kumvalisha mtu kanzu halafu kumwita shehe. Nyumba za Marekani hutumia volti 120, za hapa Tanzania 230. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, kama haikuandikwa kwamba inakubali zote mbili, ukiichomeka hapa unaipa karibu mara mbili ya volti inazozijua.

Na mara mbili ya volti haimaanishi mara mbili ya shida. Kwa kitu cha kupasha joto tu, kama pasi, nguvu inayopita hupanda karibu mara nne. Kila aliyewahi kuletewa pasi au blenda na ndugu wa Marekani anaijua ile harufu. Kompyuta ni hadithi mbaya zaidi. Ndani ya pawa saplai yake umeme wa ukutani hugeuzwa kwanza kuwa wa mkondo mmoja na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa, na hapo volti hupanda mpaka kilele cha wimbi. Volti 120 hufika kama 170. Kwa hiyo watengenezaji wa saplai za 120 walizoea kuweka kapasita za volti 200, na zilitosha kabisa. Sasa leta 230 ya hapa: kilele chake ni kama 325. Kapasita ya 200 inapigwa na 325. Paa!

Ndiyo maana kishindo kilikuja pale pale plagi ilipogusa. Hakuna ubabaishaji wa fundi unaohitajika hapo, ni hesabu tu.

ALICHOFANYA FUNDI

Watu wa karibu na studio hiyo wanasimulia vizuri kabisa. Mashine ni Atari 1040ST, imenunuliwa Marekani na kuletwa ndani ya begi la msafiri pamoja na kioo chake cha picha nyeusi na nyeupe. Ilipofika Kariakoo ilikuwa haiwaki. Fundi kaifungua, kasafisha, kabadilisha kapasita zilizokauka, kashika upya solda zilizopasuka. Halafu kaiwasha siku tatu mfululizo, kutwa nzima, kwa kutumia stepdauni, lile transfoma la kushusha 230 kuwa 110.

Siku ya kukabidhi alimwambia mteja mambo mawili. Kwanza, mashine hii na kioo chake haviendi ukutani bila transfoma. Kaandika hivyo kwa mkono kwenye risiti, na kijana wa studio aliyetumwa kuchukua mzigo akaiweka risiti mfukoni. Pili, alijitolea kuondoa pawa saplai ya zamani na kuweka ya kisasa inayokubali kuanzia volti 100 mpaka 240. Ndani, Atari ile inahitaji volti 5 na volti 12 tu, na saplai ndogo za kutoa hizo zinauzwa. Staa akakataa kwa simu. Alitaka kila kitu kibaki orijino, maana bila uorijino thamani inashuka.

Sawa, ni haki yake. Wakusanyaji dunia nzima wanabishana juu ya hilo na hawajamaliza. Wapo wanaosema saplai ni kama tairi la gari, ikichakaa unabadilisha na gari linabaki lile lile. Wapo wanaotaka hata skrubu iwe ya mwaka ule ule. Lakini anayechagua uorijino anachagua na masharti yake. Mashine orijino ya Marekani inataka umeme orijino wa Marekani. Huwezi kukataa saplai mpya, ukakataa kununua transfoma, halafu ukamwita aliyekuonya mwizi.

KWA NINI MASHINE HII SI MAPAMBO

Kuna waliocheka wakisema kelele zote za nini kwa dude la makumbusho. Hapo nao wamechemka. Kwa mtu wa muziki Atari ST si dude la hivi hivi. Ilipotoka mwaka 1985 ilikuja na matundu mawili ya MIDI, la kuingiza na la kutoa. MIDI ni ile lugha ambayo vinanda na mashine za ngoma vinaitumia kuongea vyenyewe kwa vyenyewe, na ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Kompyuta nyingine zilihitaji kifaa cha kununua pembeni. Atari ulichomeka kinanda ukaanza kazi. Modeli ya 1040ST ilifuata 1986 ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 1 kwa bei ya dola 999, na wakati ule hiyo ilikuwa habari kubwa.

Programu ya Cubase, ambayo prodyuza wengi wa leo wameikuta kwenye laptopu, ilianzia kwenye Atari mwaka 1989. Fatboy Slim wa Uingereza aliendelea kutumia Atari miaka mingi baada ya wenzake kuhama. Kwa hiyo prodyuza wa Bongo kuitafuta mashine hii mpaka Marekani ni jambo la kupongezwa. Ni kama mpiga gitaa kutafuta gitaa la babu wa kazi yake.

Na hapa nchini mashine za umri huo ni chache mno, kwa sababu inayojulikana. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na Bara haikuwa hata na kituo cha runinga mpaka 1994. Wakati watoto wa Ulaya na Marekani wanabonyeza Commodore na Spectrum sebuleni, hapa vitu hivyo vilikuwa hadithi ya aliyesafiri. Kompyuta nyingi za miaka ya 80 zilizopo leo zimeletwa na mtu kutoka mahali fulani, na kila moja imekuja na tabia za umeme wa huko ilikotoka. Ya Marekani inataka 120. Ya Japani inataka 100, kwa hiyo hapa inaungua haraka zaidi. Ya Uingereza inachomekwa moja kwa moja, hata plagi zinafanana.

Ukiichoma moja hapa, hutaikuta nyingine Kariakoo kesho yake asubuhi.

MZEE WA UPANGA NA STAA WA INSTAGRAM

Mjini hapa yupo mzee mmoja, mstaafu, anaishi Upanga, hana akaunti ya mtandao wowote. Alirudi kutoka masomoni Uingereza na BBC Micro, ile kompyuta iliyotengenezwa na Acorn kuanzia 1981 na kusambazwa mashuleni kwao. Mpaka leo inawaka. Wajukuu wanachezea.

Siri yake ni woga. Mashine yake ni ya volti 240, haina ugomvi wowote na umeme wa hapa, lakini bado hakuiwasha kwa pupa. Kabla ya kuiwasha baada ya miaka kabatini aliita fundi atoe zile kapasita za karatasi za upande wa umeme wa ukutani, zinazojulikana sana kwa kupasuka ganda, kunyonya unyevu, na siku moja kutoa moshi unaonuka nyumba nzima. BBC Micro zina sifa mbaya kwa hilo hata huko kwao. Mzee alijua kwamba volti sahihi peke yake haitoshi, na kitu cha miaka arobaini hakiamshwi usingizini kwa teke.

Hapo ndipo mtetezi wa staa anaweza kuuliza: basi huenda na ile Atari imekufa kwa uzee tu? Ni swali la haki, na jibu lipo. Mashine ile ilikuwa imewaka siku tatu bila shida kwa 110. Imekufa sekunde ya kwanza kwa 230. Uzee hausubiri kamera iwashwe.

Linganisha sasa na mtindo ulioingia kwa mastaa wengine. Muigizaji mmoja kaweka Macintosh ya zamani pembeni ya kitanda, juu yake ua. Mtangazaji mmoja kanunua Commodore 64 kwa ajili ya picha moja. Kama haziwashwi, heri. Pambo halimdhuru mtu. Ubaya huanza pale mwenye pambo anapotaka likes za ziada na kulichomeka mubashara bila kusoma kibandiko cha nyuma, kinachosema kwa namba kubwa ni volti ngapi. Commodore 64 ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, maana saplai zake za zamani zikizeeka zinaweza kuachia volti za ziada kwenye ule mstari wa volti 5 na kuua chipu ndani kimyakimya. Hakuna moshi wala mlio. Unawasha, unaona kioo cheusi, na ndiyo basi.

FUNDI NAYE ANA LAKE

Haki ni haki, na fundi naye aambiwe. Risiti ya mkono haitoshi. Mteja wa aina hii hasomi risiti, na aliyeipokea hakuwa mteja mwenyewe. Fundi makini angebandika karatasi nyekundu kwenye waya wenyewe. Bora zaidi, angekata ile plagi bapa na kufunga nyingine isiyoingia popote isipokuwa kwenye transfoma. Kama kitu kinaweza kuua mashine kwa sekunde moja, usimwachie mtu nafasi ya kusahau. Hilo ni kosa, dogo, na mafundi wote walichukue.

Lakini kosa la kutobandika karatasi halimfanyi mtu kuwa kanjanja. Na adhabu aliyopewa haina uwiano wowote na kosa. Wanaofanya kazi jirani naye wanasema Jumatatu walikuja wateja watatu kuchukua amplifaya zao kabla hazijafunguliwa. Mmoja hakutaka hata kuongea, kanyoosha mkono tu arudishiwe mali yake. Mtu ambaye jina lake ndilo duka lake, kumchafulia jina ni sawa na kumfungia duka. Staa ataachia wimbo mpya mwezi ujao na watu watasahau moshi. Fundi hana wimbo mpya wa kuachia.

Na kuna jambo hapa lililo kubwa kuliko Atari moja. Mafundi wanaoweza kufungua kompyuta ya miaka ya 80 na kuifuatilia waya kwa waya wanapungua. Vijana wengi wanajifunza simu, na ndiko hela iliko. Ukimtukana aliyebaki mpaka akaamua kuuza chaji na kava, siku yako ikifika utaipeleka wapi mashine yako?

KWA ANAYETAKA KUANZA

Wadau waliouliza kwenye komenti wafanyeje, majibu ni machache na hayana uchawi.

Soma kibandiko kabla ya kununua, siyo baada ya kuungua. Kikisema 100–240, uko salama, inatosha adapta ya plagi. Kikisema 110, 115 au 120 peke yake, unahitaji stepdauni. Kama nyuma kuna kile kiswichi chekundu cha 115 na 230, kihamishe kwenye 230 kabla ya kitu chochote. Ukikisahau kwenye 115, kitakachotokea umeshakiona kwenye klipu.

Transfoma linunue kubwa kuliko hesabu yako. Jumlisha wati za mashine na kioo, halafu chukua la angalau mara mbili yake, maana namba zinazoandikwa kwenye maboksi mengine zina chumvi. Pima kwa multimita linatoa ngapi kabla hujalichomekea kitu cha thamani. Vile vigeuzi vyepesi vya wasafiri, vinavyouzwa kwa ajili ya mashine za kukaushia nywele, achana navyo, havifai kwa kompyuta.

Na jua kwamba transfoma hushusha volti tu, haligusi hezi. Marekani ni 60, hapa ni 50. Kompyuta nyingi hazijali sana. Ila yule anayetaka kuagiza santuri pleya ya zamani ya Marekani yenye mota inayofuata hezi za umeme ajiandae: itazunguka taratibu, na wimbo utashuka karibu vitufe vitatu vya kinanda, vyeusi vikihesabiwa. Taarabu ya harusi itasikika kama ya msibani.

Halafu mlipe fundi vizuri, na ukae naye dakika kumi akueleze. Dakika kumi hizo ni rahisi kuliko Atari.

LILILOBAKI

Lililobaki ni la staa mwenyewe. Andiko la kumchafua fundi lilikuwa refu, lenye picha, kibao na namba ya simu. Mpaka leo halijafutwa. Kinachotakiwa ni andiko lingine la urefu ule ule, kwenye ukurasa ule ule, lenye picha ile ile ya banda, linalosema mimi ndiye niliyekosea. Isiwe stori ya kupotea baada ya saa 24, wala ujumbe wa siri wa pole. Aliyetukanwa hadharani anaombwa radhi hadharani.

Na wala hatakuwa amepoteza kitu. Mara nyingi saplai ya namna hii ikifa kwa kishindo cha upande wa ukutani hufa yenyewe, na upande wa pili unabaki hauna umeme wowote wa kuudhuru ubao wa kompyuta. Kuna uwezekano mkubwa Atari ile bado ni nzima ndani, inasubiri saplai tu. Fundi mwenyewe kasema hivyo kwa majirani zake, katikati ya matusi yote: mwambieni ailete, nitaiangalia, hela ya kazi asilete.

Mashine bado iko studio, imefunikwa shuka.

Wadau, staa airudishe Kariakoo kwa miguu yake mwenyewe, au amtume tena yule kijana wa risiti?